Ngozi ya Mashine

Siku hizi wapo watu Katesh wenye mashine za kukimbilia ndani ya nyumba zao, na wengine wakitaka kununua hupita kwanza dukani kwangu kuniuliza kama vitu hivi vinadumu. Duka langu ni la dawa za mifugo. Mtu ananunua dawa ya minyoo ya mbuzi, anafunga mfuko wake, halafu anasogelea kaunta na kuuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia ugonjwa wa aibu. Wanajua kwamba pale mtaani kwetu Jorodom mimi ndiye niliyetangulia kuwa nayo. Nawajibu kifundi: vumbi linaua mkanda, umeme wa kupanda na kushuka unaua mota, na wageni wanaua vyote viwili. Wanacheka, wanaondoka. Sijawahi kumwambia hata mmoja habari ya ngozi.

Mashine ile ililetwa kwa ajili ya baba yangu. Kiharusi kilimpata kijijini kwake Daudi, juu Mbulu, akiwa amesimama kwenye ukingo wa shamba lake la maharage akimtukana kibarua aliyekuwa anapalilia vibaya. Tusi lilikatikia mdomoni. Kibarua yuleyule ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, na baba alipopata tena sauti, jambo la kwanza alilolalamikia ni kwamba mtu yule alikuwa ananuka jasho. Ndivyo alivyokuwa. Wanawe wengine walikimbilia mbali naye, mmoja Dodoma, mmoja hatujui wapi, na mimi nikabaki kwa sababu niliolewa karibu.

Sitaki kumpamba kwa kuwa amekufa. Nilipokuwa darasa la tano nilisinzia malishoni na mbwa wa watu wakamrarua mbuzi wetu mmoja. Baba hakunipiga. Alimchuna yule mbuzi, akanitandika ngozi mbichi mabegani, upande wa damu ukiwa chini, akaniamuru nisimame mlangoni wakati wageni wake wanakunywa pombe ndani. Inzi walinijaa mpaka puani. Mgeni mmoja aliuliza nimefanya nini. Baba akajibu kwamba mimi ni mbuzi mpya, ndiyo kwanza nimenunuliwa. Wote walicheka, na mama yangu, Mungu amrehemu, alicheka pia kwa sababu aliogopa kutocheka.

Ngozi kwake ilikuwa jambo zito. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawarundiki zizi moja. Anawaweka kwa watu: huyu anapewa mmoja, yule wawili. Aliyewekewa anakunywa maziwa na kutumia samadi shambani, lakini ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Baba alikuwa amewaweka kwa majirani wa kule juu Mbulu na kwa wafugaji wa tambarare ya Hanang, hadi kule upande wa Basotu, na orodha yote ilikuwa kichwani mwake. Ng'ombe akifa, aliyewekewa analeta ngozi. Mwenyewe anaitandaza, anatafuta alama yake, anaridhika. Asipoletewa ngozi, basi kwa hesabu zake ng'ombe hajafa, ameuzwa au ameliwa. Nilimwona baba mara mbili akiletewa ngozi ya ng'ombe mwingine. Aliyeileta mara ya pili alimtwisha ile ngozi kichwani, akamtembeza nayo katikati ya gulio mpaka mwisho, yeye akimfuata nyuma akiwasalimu watu.

Baada ya hospitali, mguu wa kulia na mkono wa kulia vilikuwa vimelala. Kumwacha Daudi haikuwezekana. Nyumba yake iko mteremkoni na wakati wa mvua hata mbuzi wanateleza. Nyumba yangu Katesh ilikuwa na sakafu ya saruji na umeme. Siku tunampakia kwenye lori la mume wangu, mbele ya mdogo wake na majirani, baba alisema kwa mdomo uliokuwa umepinda, "Mimi hapa sirudi nimebebwa. Nitaingia langoni kwa miguu yangu. Nisipoweza, nizikeni huko huko Katesh kwa watu wa upepo." Hakuna aliyebisha. Baba mdogo, ambaye ndiye angebaki na nyumba, aliinamisha kichwa. Baba alikuwa hajawahi kurudi nyuma kwenye neno lake tangu nimjue, hata lilipomuumiza mwenyewe. Kwa hiyo kuona kwake nyumba yake tena kulikuwa kumebaki juu ya mguu mmoja.

Mtaalamu wa viungo hospitalini alisema atembee kila siku mahali pa tambarare, kila wiki aongeze kidogo. Katesh ni tambarare ya kutosha. Lakini baba hakukubali kutoka nje. Alikuwa amewacheka vilema maisha yake yote, akawapa majina, akawaigiza wanavyotembea, na alijua vizuri kitakachompata barabarani. Alikaa kwenye kochi langu akitazama ukuta. Mume wangu, dereva wa lori la mahindi, ndiye aliyepata wazo. Ilikuwa ile miaka mkoa wa Manyara umekatwa juzi tu kutoka Arusha, na soko lilikuwa limefunguliwa kwa kila kitu kilichowachosha wenzetu wa Ulaya: friji, vitanda vya hospitali, redio kubwa za mbao. Alirudi safari moja kutoka Arusha na mashine juu ya magunia matupu. Wanaume wanne waliishusha huku watu wakijaa mlangoni.

Baba aliizunguka kwa macho.

"Inakula nini?"

"Umeme, baba."

"Inakunya nini?"

"Haikunyi."

"Basi haifai hata kwa samadi," akasema, lakini akaninyooshea mkono mzima nimpandishe.

Ilikuwa mashine imara, siwezi kuinyima sifa yake. Tuliiwekea stebilaiza kwa sababu umeme wetu wakati ule ulikuwa unayumba, na tukajifunza kwamba saa nne asubuhi ndiyo saa yake nzuri, watu wanapokuwa mashambani. Siku ya kwanza baba alikaa juu yake dakika tatu. Alishika chuma cha kushoto, mguu wa kushoto ukapiga hatua, wa kulia ukafuata ukiburuzwa, misumari ya kiatu chake cha tairi ikikwaruza mkanda. Aliitukana mashine kwa Kimbulu tangu ilipowashwa hadi ilipozimwa. Kiswahili chake alikuwa amekitunza kwa ajili ya serikali na kwa ajili ya kuwaumbua watu mbele za wageni.

Kiangazi kikaingia na upepo wake. Ukikaa Katesh unajua: vumbi linapita chini ya mlango, linapita tundu la ufunguo, unalikuta kwenye chumvi. Liliingia chini ya mkanda na mashine ikaanza kulia. Baba alisikiliza siku mbili, kisha akatoa hukumu. Ngozi imekauka, akasema, inataka samli. Nilimwambia ule ni mpira. Akanijibu kwamba mimi sijawahi kulainisha ngozi hata moja, mama yangu ndiye alikuwa anajua, na kwamba nilete samli. Nikaleta. Nilipiga magoti nikaupaka mkanda chini kote, kwa kiganja, kama walivyokuwa wakifanya mabibi zetu na ngozi za kuvaa, yeye akielekeza kwa fimbo. Kisha akapanda. Mkanda ulikwenda hatua mbili, ukateleza kwenye rola, ukasimama, ukaruka ghafla. Baba akatupwa mbele, akapiga magoti, kidevu kikagonga chuma.

Nilicheka. Sikucheka kidogo. Nilikaa sakafuni na mikono yangu ya samli nikacheka mpaka machozi, na baba akanitazama kutoka pale alipoanguka. Kisha nikamnyanyua. Ilituchukua siku nzima kuuosha mkanda kwa sabuni ya unga na kuukausha kivulini, na fundi wa mota za pampu akatuletea mafuta yanayofaa. Mashine ikarudi kazini kana kwamba haikupakwa kitu.

Naye akarudi. Ninachotaka kukiri ni kwamba mzee yule alifanya kazi. Dakika tatu zikawa saba, saba zikawa kumi na tano. Siku za Krismasi alikuwa anamaliza dakika ishirini, anashuka, anashika fimbo, anakwenda hadi mlangoni na kurudi kwenye kochi bila mtu kumgusa. Mguu wa kulia ulikuwa bado unaburuzika, ila ulikuwa unamsikia. Alianza kuuliza habari za mvua Daudi. Akamtumia mdogo wake salamu kwamba mwezi wa sita, maharage yakianza kukauka, atakuja. Mimi nilimwamini, na nilitamani siku hiyo kuliko yeye, kwa sababu nilitaka nyumba yangu.

Mwezi wa pili aliingia dukani mke wa afisa mmoja mkubwa aliyehamishiwa kwetu karibuni. Alitaka dawa ya kupe kwa mbwa wake. Mlango wa kati ya duka na sebule ulikuwa wazi, akamwona baba juu ya mashine, akaingia moja kwa moja bila kukaribishwa.

"Shikamoo mzee! Hongera. Una bahati, binti yako anakutunza vizuri."

Baba hakusimama. Aliendelea kutembea, akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, kwa sauti ya kufika dukani, "Marahaba. Huyu? Huyu angekuwa ng'ombe niliyemweka kwa mtu, ningesharudishiwa zamani. Hana maziwa, hana ndama. Yule dereva ni mvumilivu tu."

Yule mama akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka. Dukani walikuwepo wafugaji wawili wa tambarare waliokuja kununua dawa, nao wakacheka. Nilikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa. Nilikuwa nimezika mimba tatu, na mbili kati ya hizo baba alizijua. Nilisimama nimeshika chupa ya dawa ya kupe na nilimchukia kwa kila kiungo cha mwili wangu. Nilitamani kiharusi kimrudie palepale, kimalize kazi.

Yule mama alipokuwa anaondoka alinishika bega akaniambia anaitamani ile mashine, ana harusi ya mdogo wake, angeiazima mwezi mmoja tu apunguze mwili. Wakati huo ukuta wa duka langu ulikuwa umepigwa alama nyekundu ya X, ya kupisha barabara ya Babati na Singida, na sisi wenye alama tulikuwa hatulali. Hakuniahidi kitu. Sidhani hata kama mumewe alikuwa na habari. Mimi mwenyewe ndiye niliyetazama kitenge chake kizuri nikaona ndani yake mtu wa kuifuta ile X. Lakini nisijifiche nyuma ya ukuta. Hata kama ukuta wangu ungekuwa mweupe, siku ile ningempa.

"Mzee anakwenda kliniki keshokutwa, analala huko siku mbili," nikamwambia. "Lete watu muichukue."

Baba aliporudi alisimama mlangoni ameegemea fimbo. Sakafuni palikuwa na alama nne za miguu ya mashine na mstatili safi usiokuwa na vumbi.

"Iko wapi?"

"Imekufa, baba. Umeme ulipanda, mota ikaungua."

Alikwenda hadi kwenye kochi, akakaa, akaweka fimbo kando.

"Ngozi iko wapi?"

Nilidhani anatania. Sikumjua baba kama mtu wa utani usio na mtu wa kuumizwa, kwa hiyo nilitabasamu nikisubiri nione nani anaumizwa.

"Mashine haina ngozi, baba."

"Ina mkanda. Nimeukanyaga miezi yote hii. Ulete niuone."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nilikwenda mnadani. Kulikuwa na mtu aliyekuwa anauza vipuri vya kombaini zilizokufa, zilizotoka kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali yaliyokuwa yanabinafsishwa, na miongoni mwa vyuma vyake palikuwa na mkanda mpana wa turubai na mpira. Nikamwambia anikatie kipande cha urefu wangu na nusu. Nilikipeleka nyuma ya nyumba nikakisugua kwa majivu, nikakipaka mafuta, nikakiburuza uani kwenda na kurudi, nikakikanyaga kwa viatu vya mume wangu. Nilifanya kazi ile kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kumfanyia baba yangu. Halafu nikakikunja, nikaingia nacho ndani mikono miwili, kama walivyokuwa wakiingia wale watu wa ng'ombe.

Alikipokea mapajani. Alikinusa. Alikifungua kidogo kidogo kwa mkono wake mmoja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kushoto, kisha polepole sana kwenye ukingo wa kulia, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudia tena ule wa kulia.

"Mguu wangu mbovu ulikuwa unaburuza upande huu," akasema. "Misumari ya kiatu ilichimba mstari. Nilikuwa nausikia kila siku ukiongezeka kina. Huyu hajawahi kukanyagwa na mimi."

Nilisimama mbele yake nikiwa na umri wa miaka thelathini na sita, nikisikia inzi.

"Nani anamkamua?"

"Mke wa afisa."

"Umemweka kwake?"

"Ndiyo, baba. Mwezi mmoja."

Akacheka. Kicheko kizuri, cha mtu mzima aliyefurahi, sikuwahi kukisikia kikielekezwa kwangu. Alisema kumbe damu yangu ni yake, kumbe na mimi najua kuwaweka watu wanapostahili. Nikaona mlango wa kutokea. Nikamwambia naweza kwenda kuichukua sasa hivi, ni hapo tu, kona mbili.

"Hapana. Ukishamwekea mtu humfuati kesho yake kama mwendawazimu. Ngoja mwezi wake uishe."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko ule mkanda wa uongo. Ningeweza kwenda. Alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa mzima, nilijua maana ya kila siku inayopita bila mguu ule kutembea. Lakini kwenda kungekuwa kumwomba yule mama anirudishie, na ile X ilikuwa bado ukutani. Nikaishika kauli ya baba kwa mikono miwili. Nikasema moyoni kwamba amesema mwenyewe.

Mwezi ule alikaa. Nilijaribu kumshika tutembee sebuleni, akasema sakafu yangu haina kazi, haisogei. Wiki ya pili mguu ulianza kukaza gotini. Wiki ya tatu alikuwa anahitaji mtu wa kumsimamisha. Kila asubuhi saa nne aliangalia saa ya ukutani, kisha aliangalia pale palipokuwa na mashine, na mimi nikajifunza kuwa dukani saa hiyo.

Mwezi ulipoisha nilikwenda. Yule mama alinikaribisha kwa soda. Alikuwa vilevile, pengine alikuwa amenenepa zaidi. Mashine, akasema, ilikuwa kitu dhaifu sana, nimpe pole mzee. Walikuwa wameichomeka ukutani moja kwa moja bila stebilaiza. Yeye alikimbia siku nne, kisha watoto wa shemeji yake wakawa wanaipanda wawili wawili, kisha ikawa ya kuanikia nguo barazani, na siku moja mtu akaiwasha nguo zikiwa juu, shuka likaingia kwenye rola, ikatoa moshi. Gari la vyuma chakavu lilipita kuelekea Babati wakaibeba.

"Na mkanda?" nikauliza.

"Mkanda gani tena, dada? Kila kitu." Akanishangaa. "Si ulikuwa wa zamani?"

Mashine iliyotoka kontena, ikavumilia vumbi la Hanang, samli ya ng'ombe na matusi ya Kimbulu, haikumaliza mwezi kwenye nyumba ya watu wasioihitaji. Nimewaeleza wateja wengi sehemu hiyo, na huwa wanatikisa kichwa wakiisikitikia mashine. Ile X haikufutwa na mtu. Barabara yenyewe ilikuja baada ya miaka mingi, ikapita bila kuligusa duka langu.

Nilirudi mikono mitupu nikamwambia baba kwamba sasa imekufa kweli.

Baba akasema, "Mwanzo ulileta ngozi, ng'ombe akiwa hai. Sasa unaleta kifo bila ngozi."

"Ni kweli, baba. Naapa."

"Ningekuwa na nguvu ningekutwisha ule mkanda, tukapita sokoni," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja kazi iliyompita umri.

Mwezi wa sita ulipofika alidai apelekwe. Mume wangu alisema tusubiri, mguu haujawa tayari. Baba akasema salamu alishatuma. Tukampandisha kwenye lori, mimi katikati, yeye dirishani, tukapanda milima ya Mbulu. Daudi ilikuwa imekauka vizuri. Maharage yalikuwa yameng'olewa yakilala kwenye matuta, na kwenye lango lake walikuwa wamesimama watu, baba mdogo na mkewe, majirani, na yule kibarua aliyembeba mgongoni siku ile. Gari haliwezi kufika nyumbani kwake. Kutoka barabarani hadi mlangoni ni mteremko wa hatua kama mia, njia ya udongo yenye mawe.

Alikataa mkono wangu. Alishuka kwa kuteleza kwenye kiti, akashika fimbo, akasimama. Aliwaamkia watu kwa sauti kubwa. Kisha akapiga hatua ya kushoto, akausubiri mguu wa kulia uje. Haukuja. Juu ya mashine mkanda ulikuwa unauvuta, na alikuwa ameshaanza kuufundisha kuja wenyewe, na mimi nilikuwa nimemkatisha katikati ya somo. Aliuvuta kwa nyonga. Akafanya hivyo mara tano au sita. Kwenye jiwe la kwanza fimbo iliteleza, akaenda chini kwa ubavu.

Watu wawili walijitokeza. "Asiniguse mtu," akasema pale chini, na wakasimama. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Upepo ulikuwa unapeperusha maganda ya maharage. Baba akamwita mdogo wake kwa Kimbulu, kwa sauti ya chini, akamwambia awapeleke wote nyuma ya nyumba, wanawake na wanaume, na wasitoke mpaka atakapoita. Wakaenda, mmoja mmoja, yule kibarua akiwa wa mwisho. Nikabaki mimi.

"Na wewe," akasema.

Nilirudi kwenye lori nikapanda, nikafunga mlango, nikakaa nikitazama upande wa pili, kule barabara inakoshuka. Mume wangu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Dirisha lilikuwa wazi na sikulifunga. Nilimsikia. Nilisikia suruali ikiburuzwa kwenye kokoto, kisha kimya, kisha pumzi, kisha tena suruali. Mara moja nilisikia fimbo ikirushwa mbele na kuanguka. Ilichukua muda ambao ningeweza kupika chakula na kukiivisha. Nililia bila kutoa sauti, na sikugeuka, na ningali sijui kama kutogeuka kule kulikuwa utiifu au woga.

Tulipoitwa, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, mgongo umenyooka, suruali imechanika magoti yote mawili na damu imeshika vumbi. Baba mdogo alikuwa anamwambia karibu nyumbani, kaka. Majirani walimpa mkono mmoja mmoja, na nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba mzee ameingia mwenyewe, hakushikwa na mtu, alivyosema ndivyo alivyofanya. Mpaka leo Daudi wanaisimulia hivyo. Mtu pekee aliyesikia alivyoingia, ukimwondoa mume wangu ambaye hasemi, ni mimi.

Nilisogea, nikainama mbele yake.

"Shikamoo, baba."

Aliniangalia usoni. Alikuwa amenisikia, kwa sababu mdomo wake ulifunguka, kisha akaufunga. Akageuka akamuuliza mdogo wake ni ng'ombe yupi amezaa. Nilibaki nimeinama mbele ya watu wote, nikingoja. Katika nchi hii hata mlevi akiamkiwa anaitikia.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na hakuvuka kizingiti kile tena. Nilikuwa nakwenda kila baada ya mavuno, nampelekea sukari na dawa za mifugo yake, nainama mlangoni, natoa shikamoo yangu. Mama mdogo, mke wa baba mdogo, ndiye aliyekuwa anaitikia marahaba badala yake, kwa sauti ndogo, kutokea jikoni.